Ambrose Featherstone Anatafutwa

Katika banda zima lililokuwa kando ya mfereji, hakuna aliyejua jina la kweli la mwenzake, na hakuna aliyeona ubaya wowote. Ukifika kuomba kazi ya kuchimba, msimamizi hakuulizi baba yako nani wala umebatizwa wapi. Anakutazama mabega, anakutazama viganja, basi. Wenzako ndio watakaokutazama wewe mzima na kukupa jina wanalolitaka wao, na utaishi nalo mpaka siku watakapokuzika nalo. Aliyekatwa sikio na mnyororo kwenye reli za Wales aliitwa Nusu-Sikio. Lile jitu lenye ndevu za kufika kifuani, lililokuwa na tabia ya kugombeza kila anayeingia ndani na matope, liliitwa Shangazi, na ole wako ucheke. Na huyu tunayemsimulia aliitwa Konokono, kwa kuwa siku aliyofika mvua ilikuwa ikinyesha, naye alibeba blanketi, sufuria, koleo na buti za akiba mgongoni, akija taratibu kama mtu aliyehama na nyumba yake.

Konokono alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, mzito wa maneno. Alikwisha kuchimba reli na mabwawa na handaki moja ambalo hakupenda kulizungumzia. Sasa alikuwa akichimba mfereji wa kupitisha meli za baharini mpaka Manchester, mji ambao bahari haujawahi kuiona, kwa sababu matajiri wa huko walikuwa wamechoka kuwalipa ushuru watu wa Liverpool. Wachimbaji walilicheka jambo hilo kila siku. Watu wenye akili wakiitaka bahari huifuata, walisema, lakini watu wa Manchester wameiagiza iletwe nyumbani.

Mwenye banda alikuwa mjane, Keturah Stubbs. Jina lake peke yake ndilo lililojulikana, maana liliandikwa kwenye kibao juu ya mlango, lakini wote walimwita Mama, hata waliomzidi umri. Alikuwa mfupi, mikono yake myekundu kwa maji ya moto, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa. Jikoni kwake ilikuwepo sufuria moja kubwa ya shaba iliyojengewa matofali, na chakula cha banda zima kilichemka humo kwa pamoja. Kila mtu alinunua chake: huyu kipande cha nyama ya nguruwe, yule kabichi, mwingine viazi ndani ya wavu, mwingine pudini ya unga iliyofungwa kitambaani. Kila furushi lilikuwa na kamba yake, na kila kamba ilifungwa kwenye kijiti chenye alama ya mwenyewe, vijiti vikapangwa ukingoni. Jioni ulivuta kijiti chako. Kuvuta cha mwenzako ilikuwa vita. Watu wazima walitoana meno kwa ajili ya kabichi.

Mapenzi yenyewe yalianzia humo sufuriani. Nyama ikichemshwa husinyaa, hilo halina ubishi, lakini nyama ya Konokono ilianza kutoka kubwa kuliko ilivyoingia. Mara ya kwanza alidhani amekosea kijiti. Mara ya pili alikuta na yai limejificha katikati ya viazi. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Aliwageuzia wenzake mgongo, akala kimya, na kesho yake akapasua kuni zote za Mama bila kuombwa. Baridi ilipoisha walikuwa wameshaelewana, wakizungumza kwa kunong'ona nyuma ya mashuka yaliyoanikwa.

"Jina lako hasa nani?" Keturah alimuuliza huko nyuma ya mashuka.

Ilibidi Konokono afikiri kidogo, maana hakukumbuka aliulizwa lini kwa mara ya mwisho. "Ambrose," alisema, masikio yakimwaka. "Ambrose Featherstone."

Keturah alimtazama kutoka buti mpaka kofia. "Wewe?"

"Mama yangu alilisikia kwa tajiri aliyekuwa akimfulia nguo. Alilipenda."

"Ambrose," Keturah alilirudia polepole, kama anayeonja mchuzi, na Konokono akashika kamba ya mashuka. Hakujua kwamba jina linaweza kumfanya mtu mzima atake kukaa chini.

"Sasa sikiliza, Ambrose," aliendelea Keturah. "Nitaolewa na wewe, tena kanisani. Lakini akijua hata mmoja humu bandani kabla pete haijaingia kidoleni, hakuna harusi. Sitanii."

Na kweli hakutania. Wachimba mfereji wana desturi yao: mwenzao akioa, kazi inalala. Wenyewe wanaita kukata kiu, na kiu yenyewe haikatiki kwa siku moja. Keturah alipoolewa mara ya kwanza ilichukua siku nne. Jiko lilivunjwa, mlango ukachanjwa kuni, na bwana harusi akaja kupatikana ndani ya toroli, amelala fofofo, buti moja hana. Hayo Keturah aliyasamehe, tena aliyacheka. Lakini miaka ilipita, na mumewe, Stubbs, akaenda kukata kiu katika harusi ya mtu mwingine, akarudi kwa kufuata reli ya mabehewa ya udongo, akachoka njiani, akajilaza juu ya reli. Tangu hapo wenye mabanda wengine walitajirika kwa kuuza bia kutoka mapipani, lakini kwa Keturah halikuingia pipa.

Basi Konokono aliapa kufunga mdomo, jambo ambalo kwake halikuwa na shida. Shida ilikuwa kanisa. Sheria ilitaka majina yasomwe mbele ya waumini Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Keturah hakujali. Wachimbaji, alisema, kanisa wanalijua kwa nje tu, na hata akiingia mmoja kwa bahati mbaya, nani katika nchi hii anamjua Ambrose Featherstone? Alipiga hesabu yake vizuri kabisa, isipokuwa alisahau kile kibao juu ya mlango wake.

Jumapili ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilinyesha mvua ya mawe, na Nusu-Sikio, aliyekuwa akitoka kutega sungura wa watu, alijibanza kwenye kibaraza cha kanisa. Alipoona ndani kuna jiko la makaa, akaingia.

Alirudi bandani ameloa chapachapa. Keturah alikuwa amekwenda kwa dada yake mjini Warrington, na wanaume walikuwa wamejinyoosha vitandani.

"Mama anaolewa," alisema.

Hakuna aliyeinua kichwa. "Na mimi nimechaguliwa kuwa askofu," alisema mmoja.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Kwa sikio lako, na nusu," Shangazi alimsahihisha.

"Chekeni tu. Kasisi kasimama mbele za watu, kasoma: Keturah Stubbs, mjane, wa mabanda ya mfereji. Na mwanamume anaitwa Ambrose Featherstone."

Hapo vitanda vililia vyote kwa pamoja. Konokono, aliyekuwa akishona kifungo cha suruali, alijichoma sindano kidoleni, na kwa bahati nzuri hakuna aliyeshangaa kumwona ameganda, kwa kuwa wote walikuwa wameganda.

"Ambrose nani?" aliuliza Shangazi.

"Featherstone."

"Sijapata kusikia mchimbaji mwenye jina hilo."

"Huyo si mchimbaji," alisema Nusu-Sikio. "Huyo ni mtu anayelala na kofia. Ana karani. Ana mto wa manyoya. Atamchukua Mama akamweke kwenye nyumba yenye mapazia, na sisi hapa ataleta sheria. Futeni miguu. Msiteme mate. Sufuria itang'olewa, utasikia."

Konokono aliona afadhali aseme neno, asije akaonekana hasemi. "Labda ni mtu mwema," alisema.

Walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyepigwa na jua.

"Konokono," alisema Shangazi taratibu, "mimi ndiye niliyemletea Mama buti za Stubbs. Nilisimama pale mlangoni nazo mikononi, sijui hata niziweke wapi. Siku ile niliapa kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayemliza mwanamke yule nikiwa hai. Huyu Ambrose kama ni mwema, mbona anajificha? Mbona haji hapa akavua kofia, tukamwona?"

Swali hilo lilimuuma Konokono kuliko sindano. Ndevu za Shangazi zilikuwa zikitetemeka. Kwa mara ya kwanza Konokono alitamani kumwaga mtama wote, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba akiumwaga atakuwa amempoteza Keturah. Akarudi kwenye kifungo chake.

Wiki hiyo mfereji ulichimbwa ovyo. Kila mpita njia aliyevaa kola safi aliulizwa jina lake. Karani wa saa aliulizwa, mganga wa meno ya farasi aliulizwa, hata msimamizi mkuu aliulizwa, kwa adabu lakini. Aliyekosa bahati alikuwa muuza cherehani. Kijana wa watu alikuwa na mikono laini na masharubu yaliyopakwa mafuta, na kosa lake kubwa ni kwamba alikuwa amekwisha kuja kwa Mama mara mbili mwezi ule, akimwonyesha jinsi cherehani inavyoshona.

"Naitwa Wilfred," alisema walipomzunguka.

"Hata mimi ningesema Wilfred," alijibu Shangazi.

Walimbeba. Shangazi alishika mabega, Nusu-Sikio alishika cherehani kwa uangalifu mkubwa maana cherehani haina kosa, na kwa kuwa walihitaji mtu wa miguu, wakamwita Konokono. Angekataa vipi? Alishika miguu. Wakamtia Wilfred ndani ya behewa lililojaa tope, garimoshi likapiga filimbi, na wakampungia mkono mpaka alipopotea kuelekea kwenye majalala ya udongo. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Konokono naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na jasho, kwa sababu alijua vizuri behewa lile lilikuwa la nani.

Jioni ile Keturah alimvuta nyuma ya mashuka.

"Mmemfanya nini muuza cherehani?"

"Mimi nilishika miguu tu."

"Miguu ya nani?"

"Yake."

Keturah alifumba macho kidogo. "Wanajua?"

"Wanajua jina. Mtu hawamjui."

"Jumapili imebaki moja, na harusi ni Jumatatu asubuhi, watu wakiwa kazini. Ukiteleza sasa, Ambrose, basi. Nilizika mume mmoja kwa sababu ya kiu ya watu. Sina nguvu ya kuzika wa pili, nikikupenda namna gani."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwamba anampenda, na alilisema kwa hasira, kisha akang'oa shuka lililokuwa bado bichi akaondoka nalo. Konokono alibaki peke yake na kamba tupu.

Aliporudi ndani, alikuta baraza limekaa. Nusu-Sikio alikuwa akieleza mambo ya kanisa kama mtu aliyezaliwa humo.

"Kasisi anauliza: yupo mwenye kujua kizuizi? Anangoja. Ukisimama ukasema kipo, ndoa inakwama papo hapo."

"Kizuizi gani?" aliuliza mmoja.

"Tutasema ana mke mjini Bradford."

"Anaye?"

"Mwanamume mwenye jina lile hakosi mke Bradford."

Ikabaki nani asimame. Shangazi alijitoa, lakini walimkumbusha kwamba akikasirika hutukana, na kanisani haifai. Nusu-Sikio aliogopa kuulizwa habari za sungura. Walitafuta mtu mpole, anayeaminika akisema, na zaidi ya yote mwenye shati safi. Macho yote yakamwendea Konokono. Shati lake lilikuwa jeupe kupita kiasi. Sasa alipotazamwa hivyo ndipo alipogundua kwamba kwa miezi kadhaa shati lake lilikuwa likifuliwa vizuri kuliko ya wengine.

"Mimi sijui kusema mbele za watu," alisema.

"Ndiyo maana watakuamini," alisema Shangazi, na akamwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa mzito, na ulikaa hapo muda mrefu.

Konokono alifikiria kuugua. Alifikiria kutoroka, akawaza angerudi vipi Jumatatu. Alifikiria kumwambia Keturah, lakini tangu lile baraza hakuachwa peke yake hata chooni, kila mmoja akimfundisha jinsi ya kutamka Bradford kwa uchungu. Siku ya Jumapili ilipofika, banda zima lilinawa uso. Waliazimana kola. Shangazi alichana ndevu. Wakashika njia ya kanisani kwa mstari, na Keturah aliyekuwa akimenya viazi alipowaona wanapita, kisu kilimponyoka.

Kasisi Pennifold alikuwa mzee aliyezoea kuwahubiria wakulima watano na mbwa. Alipoona buti zile zote zikiingia, macho yalimjaa machozi, akaongeza wimbo mmoja ambao haukuwa kwenye ratiba. Wachimbaji waliimba kwa nguvu zote, kila mtu na sauti yake. Konokono aliketi katikati ya Shangazi na Nusu-Sikio, akiomba paa lianguke, lakini paa lilikuwa imara.

"Ninatangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma kasisi, "ndoa ya Ambrose Featherstone, asiye na mke, na Keturah Stubbs, mjane, wote wa parokia hii. Kama yupo ajuaye sababu au kizuizi cha haki, aseme."

Kiwiko cha Shangazi kilimwingia mbavuni. Konokono alijikuta amesimama.

"Kipo," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi.

Kanisa zima liligeuka. Kasisi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumjibu swali lile.

"Jina lako, bwana?"

"Konokono," walijibu wenzake kwa pamoja.

"Jina la ubatizo," alisema kasisi. "Anayepinga lazima ajitaje. Siwezi kumsimamishia mtu ndoa kwa neno la konokono."

Hapo wachimbaji walitazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Ni kweli, walikula na kulala na mtu huyu, walimchagua wenyewe, na hawakujua anaitwa nani. Waligeuka kumtazama, wakiwa na hamu hasa.

Konokono hakuwa mjinga. Aliona mlango uko wazi: angesema John Smith, akadai amekosea, akakaa chini. Nani angebisha? Alifungua kinywa aseme John Smith. Ndipo akamwona Keturah, amesimama nyuma karibu na mlango, kofia imepinda, aproni ya jikoni hajavua, akihema kwa mbio. Alikuwa akimtazama yeye. Na Konokono akaona kwamba hawezi. Mwanamke pekee aliyemuuliza jina lake katika nchi nzima yuko pale, na yeye amkane mbele yake ndani ya kanisa? Kama ni kumpoteza, basi ampoteze akiwa yeye.

"Ambrose Featherstone," alisema.

Kasisi alitazama karatasi yake, akamtazama Konokono, akarudi kwenye karatasi. "Wewe ndiye bwana harusi?"

"Ndimi."

"Na unapinga ndoa yako mwenyewe?"

"Wamenituma," alisema Konokono.

Nusu-Sikio alikuwa hajaelewa bado. "Mwambie habari za mke wa Bradford," alinong'ona, kwa sauti iliyofika madhabahuni.

Shangazi alikuwa ameelewa. Alisimama polepole, na benchi likapumua. "Wewe," alisema. "Tulimtia yule kijana kwenye behewa, na wewe ukashika miguu."

"Nilishika."

"Ukacheka."

"Nilicheka, Shangazi. Nisamehe. Ulipouliza kwa nini anajificha nilikosa usingizi."

"Mabwana," alisema kasisi, aliyeona uamsho wake unageuka vurugu, "kuna kizuizi au hakuna?"

"Kipo, Mchungaji," alisema Konokono, na sauti yake sasa ilikuwa imara, ya mtu asiye na cha kupoteza. "Mama yule pale nyuma aliniambia wakijua hawa kabla ya pete, hanitaki tena. Nao sasa wamejua. Hana kosa yeye. Ana sababu, na kila mmoja hapa anaijua."

Hakuna aliyecheka. Vichwa viligeuka kwa Keturah, kisha vikainama, kwa maana kila mmoja aliikumbuka sababu. Keturah alikuja taratibu katikati ya mabenchi mpaka mbele. Hakumtazama Konokono. Alimtazama kasisi.

"Mchungaji, saa ngapi sasa?"

"Saa sita kamili."

"Na baa hufunguliwa saa ngapi siku ya Jumapili?"

Kasisi alikohoa, akasema mambo hayo yeye hana habari nayo.

"Saa sita na nusu, Mama," walisema wachimbaji, wote, bila kukosea.

"Kufungisha ndoa kunachukua muda gani?"

"Robo saa," alisema kasisi, "kama hatapinga tena."

"Basi tufungishe sasa hivi, wakiwa na akili zao."

Kasisi alijaribu kueleza kwamba walipanga kesho, kwamba pete iko kwa sonara Warrington, kwamba hata aproni bibi harusi hajaivua. Keturah alivua aproni akampa Nusu-Sikio aishike. Kuhusu pete, mtunza kanisa mzee alisogea, akatoa mfukoni ufunguo wa mlango mkubwa, ufunguo wenye kishikio cha duara, akasema mkewe naye aliolewa kwa huo huo na walizaa watoto tisa.

Ndipo Keturah alipomgeukia Ambrose. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata mbwa alisikia.

"Nilikuwa nimeamua kukuacha."

"Najua."

"Ningekuacha kweli. Na ningelia mpaka mfereji wenu ujae kabla hawajafungulia maji."

"Basi umenisamehe?"

"Bado. Lakini nitakusamehe ukiwa nyumbani."

Wakafungishwa ndoa hivyo, ufunguo wa kanisa umeshikwa kidoleni na mikono miwili usianguke. Kasisi aliposema Ambrose, ubavuni Nusu-Sikio alirudia Ambrose, Ambrose, akilizoea. Shangazi alilia waziwazi, akifuta ndevu kwa kola ya kuazima.

Walipotoka nje, saa ya mnara ilikuwa imekaribia sita na nusu. Baa ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa makomeo ya madirisha, maana aliona kundi na alijua harusi ya wachimbaji ikoje. Wanaume walisimama getini mwa kanisa, wakijitia hamnazo, wakitazama mawingu. Hatimaye Shangazi alivua kofia.

"Mama, hii ni desturi yetu. Unatukataza?"

"Siwakatazi," alisema Keturah. "Nani anaweza kuwakataza? Nendeni mkate kiu yenu. Mimi na Ambrose tutachukua taa, tutakaa pale kwenye reli ya udongo, tungojee mpaka wa mwisho wenu apite. Kama ni mpaka asubuhi, mpaka asubuhi. Sitaletewa buti tena."

Alisema bila kugomba, kama anayepanga kazi za jioni, na Ambrose akatikisa kichwa kukubali, ingawa ndiyo kwanza anasikia jinsi usiku wake wa harusi utakavyokuwa. Aliona fahari. Mwanamke kama huyu, na amemchagua yeye.

Baa ilifunguliwa. Mlango ulisikika, harufu ya bia ikavuka barabara na kuwafikia pale waliposimama. Shangazi aliutazama ule mlango, akautazama muda mrefu kwelikweli. Kisha akakaa juu ya ukuta wa kanisa na kuiweka kofia magotini.

"Ajabu," alisema. "Sina kiu."

"Hata mimi," alisema aliyekuwa karibu naye, akakaa.

Mmoja mmoja walikaa, mpaka ukuta ukajaa, na kila aliyekaa alisema hana, kwa sauti ya mtu anayetoa damu yake. Akabaki Nusu-Sikio peke yake amesimama katikati ya barabara, aproni ya Mama mkononi.

"Mimi ninayo kidogo," alisema.

Shangazi alimwangalia. Ukuta mzima ulimwangalia.

Nusu-Sikio alimeza mate. "Imepita," alisema, akaja kukaa.